Mtwara: Mji uliochorewa reli, unaoishi kwa miguu na baiskeli

NI saa 11:30 alfajiri katika barabara itokayo Naliendele kwenda Mtwara mjini. Jua halijachomoza, lakini barabara imekwishaamka. Baiskeli zenye matenga ya mchicha na majani ya maboga zinakwenda kwa mstari ukingoni mwa lami. Wanawake wenye beseni za ming'oko kichwani wanatembea upande wa mchanga. Bodaboda inapita imebeba viroba viwili vya mihogo na mwenye mihogo juu yake. Kisha lori linatokea nyuma, linamulika na kupiga honi, na wote kwa pamoja wanajitupa kwenye nyasi.

Hakuna aliyeumia. Tenga moja limepinduka, mchicha umeingia vumbi na mwenyewe ameinama anaukung'uta fungu kwa fungu. Anajua kuwa atakapofika sokoni akiwa amechelewa na mboga zake zimenyauka, bei itakayotajwa itakuwa nyingine kabisa.

Hii ni picha ya kawaida kwa yeyote aliyezoea kuamka mapema katika njia zinazoingia Mtwara. Kwa sababu ni ya kawaida, wengi hawaioni kuwa ni jambo la uchumi. Katika mazungumzo ya maendeleo ya mji huu, kinachotajwa zaidi ni gesi, bandari, saruji na korosho. Njia anayopita mkulima mwenye tenga haitajwi, ingawa ndiyo inayoamua atarudi nyumbani na shilingi ngapi, na pengine kama atarudi salama.

Swali linaloikabili Manispaa ya Mtwara-Mikindani si kama mji utakua, kwani unakua. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 92,602 na ile ya 2012 ikahesabu watu 108,299. Swali ni mji utakua kwa sura gani: wa magari yanayowasukuma watu kwenye majani, au wa watu wanaofika waendako kwa usalama, chini ya kivuli, bila kumaliza mapato yao katika nauli?

Urithi wa karanga

Ili kuelewa kwa nini Mtwara ina nafasi ambayo miji mingine imeshaipoteza, inabidi kurudi nyuma hadi 1947. Mwaka huo Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kwenye maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini ilihitajika bandari ya maji ya kina kirefu ya kusafirishia mazao, na ghuba ya Mtwara ikachaguliwa. Reli ikajengwa kuelekea Nachingwea, na mji mpya ukachorwa kwa matarajio makubwa: barabara pana, viwanja vikubwa na umbali mrefu kati ya mtaa na mtaa.

Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kugharimu pauni milioni 36 hivi. Bandari ilifunguliwa 1954, wakati mzigo iliyojengewa haupo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Leo kumbukumbu yake imebaki katika jina la Kata ya Reli, ambako hakuna treni.

Kwa mchumi, hadithi ya karanga ni funzo la kutopanda kabla ya kupima udongo. Kwa mkazi wa Mtwara ina funzo la pili. Mji uliochorewa treni na mizigo mikubwa uliachiwa watu wachache wanaotembea kwa miguu. Kutoka Shangani hadi Magomeni, au kutoka Ligula hadi Chuno, ni mwendo wa kutosha kumtoa mtu jasho. Mikindani, mji mkongwe wa biashara ya majahazi ambao David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara 1866, uko kilometa 10 hivi kutoka katikati ya mji. Manispaa ni moja, lakini mguu unajua kuwa ni miji miwili.

Hata hivyo, upana uleule unaomchosha mtembea kwa miguu ndio mtaji wa mji. Katika miji iliyojengwa kwa kubanana, kupata njia ya waenda kwa miguu maana yake ni kubomoa nyumba na kulipa fidia. Katika sehemu kubwa ya Mtwara nafasi ipo tayari pembeni mwa lami. Kinachohitajika ni uamuzi wa nani aitumie, kabla haijaliwa na maegesho na vibanda visivyo na mpango.

Malori yameongezeka

Kwa miaka mingi upole wa Mtwara ulitokana na kutengwa kwake. Kabla ya Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji kufunguliwa 2003, safari ya kwenda Dar es Salaam wakati wa masika ilikuwa ya kubahatisha. Magari yalikuwa machache na barabara za mji zilitosha kwa wote.

Hali hiyo imebadilika. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa Oktoba 2015. Katika msimu wa korosho malori hupanga foleni kuelekea maghalani na bandarini. Kuanzia 2022 makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma yaliongeza mzigo mwingine mkubwa katika njia ya Songea, Masasi na Mtwara. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi, ambayo wakulima wameiita barabara ya uchumi, ilianza kuwekewa lami kwa kipande cha kilometa 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata, na kilometa 160 zilizobaki zikapata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Hakuna mkulima wa korosho atakayeililia barabara ya vumbi. Lami hupunguza gharama za kusafirisha mazao, hupunguza uharibifu wa magari na huwapa wakulima wanunuzi wengi zaidi. Lakini lami ina tabia moja ambayo wataalamu wa barabara wanaijua vizuri: huongeza mwendo. Kijiji ambacho gari lilipita kwa kilometa 25 kwa saa kwa sababu ya mashimo, sasa gari hilo hilo linapita kwa kilometa 80, na watoto wanavuka pale pale walipozoea kuvuka.

Mpango wa Mamlaka ya Bandari wa kujenga bandari ya Kisiwa Mgao kwa ajili ya mizigo yenye vumbi kama makaa na saruji ni hatua yenye maana kwa mji, kwa kuwa unalenga kuutenga mzigo huo na eneo wanaloishi na kufanyia biashara watu. Lakini bandari ya pembeni haitamsaidia mwenye baiskeli wa Naliendele kama barabara anayopita haina ukingo wa kumkinga.

Hesabu ya baiskeli

Baiskeli imekuwa ikichukuliwa kama chombo cha maskini anayesubiri kununua pikipiki. Mkulima mwenye akili ya biashara hana budi kuiangalia kwa hesabu.

Tuchukulie mfano wa mkulima wa mboga anayeishi kilometa 10 kutoka sokoni, anayepeleka mzigo wa kilo 60 mara nne kwa wiki kwa wiki 40 za mwaka. Tuseme bodaboda yenye mzigo inamgharimu Sh4,000 kwenda na Sh2,000 kurudi. Kila safari ni Sh6,000, kwa wiki Sh24,000, na kwa wiki 40 ni Sh960,000.

Sasa tuseme ananunua baiskeli imara yenye keria kwa Sh300,000, na kila mwezi anatenga Sh10,000 za mipira, minyororo na fundi. Kwa miezi 10 matengenezo ni Sh100,000. Mwaka wa kwanza atakuwa ametumia Sh400,000 badala ya Sh960,000. Amebakiwa na Sh560,000. Mwaka wa pili, baiskeli ikiwa tayari anayo, anabakiwa na Sh860,000.

Mkulima makini atauliza: je, muda? Akiwa na mzigo, kilometa 10 zinamchukua saa moja kwa baiskeli, wakati bodaboda ingetumia dakika 20. Kwenda na kurudi anapoteza dakika 80 zaidi. Kwa safari 160 za mwaka ni saa 213. Gawanya Sh560,000 kwa saa 213, unapata zaidi ya Sh2,600 kwa kila saa ya ziada aliyokaa juu ya baiskeli. Kama kibarua cha shamba cha saa sita analipwa Sh8,000, saa yake moja ni Sh1,333. Kwa mfano huu, baiskeli inamlipa karibu mara mbili ya kibarua, na huo ni mwaka wa kwanza tu.

Bei hizi ni za mfano. Kila msomaji anaweza kuweka za kwake na kupiga hesabu upya. Jambo la kuzingatia ni kuwa nauli ya bodaboda hufuata bei ya petroli, na petroli haiko mikononi mwa mkulima. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, lita moja ya petroli nchini ilivuka Sh3,000 na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Mchicha haukupanda bei kwa kasi hiyo.

Kwa nini basi wengi hawapandi baiskeli? Sababu moja kubwa haimo katika hesabu ya hapo juu: hofu. Ajali moja yenye kuvunja mguu hufuta akiba ya mwaka mzima, na hapo familia imeshukuru kuwa ni mguu tu. Mkulima anayelipa Sh6,000 ya bodaboda kwa kuogopa malori hana kosa. Analipa kodi ya barabara isiyo salama, ingawa haipewi risiti.

Wapo pia wasiofikiwa kabisa na hesabu ya baiskeli. Mradi wa uchukuzi vijijini uliofanyika Makete katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulionyesha jambo ambalo wapangaji wa barabara walikuwa hawalipimi: sehemu kubwa ya mizigo ya kaya haipandi gari lolote. Hubebwa kichwani, na kichwa hicho aghalabu ni cha mwanamke. Mama anayevuka na ndoo ya samaki kutoka Msanga Mkuu, akishuka kwenye kivuko, mtaji wake ni shingo na miguu yake. Njia nzuri ya kutembea kwa mtu huyu ni sawa na lami kwa mwenye lori.

Mita 13 na mita 28

Sheria ya usalama barabarani inaweka mwendo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Wengi huona mwendo huo ni mdogo. Tuangalie maana yake.

Dereva wa gari dogo anayekwenda kilometa 30 kwa saa akimwona mtoto ameingia barabarani, akitumia sekunde moja kushtuka na kisha akakanyaga breki nzuri kwenye lami kavu, husimama baada ya mita 13 hivi. Akiwa kwenye kilometa 50, husimama baada ya mita 28 hivi. Mtoto aliye mita 14 mbele atapona katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili, gari litamfikia kabla breki hazijaanza kushika. Lori lenye shehena huhitaji umbali mrefu zaidi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kila ongezeko la asilimia moja katika mwendo wa wastani huongeza uwezekano wa ajali ya kifo kwa asilimia nne. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo ikilinganishwa na idadi ya watu, ingawa ina magari machache. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulipendekeza mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Soko, stendi, shule na hospitali ni mahali pa namna hiyo.

Kibao peke yake hakipunguzi mwendo. Kinachopunguza ni umbo la barabara: tuta lililojengwa kwa vipimo, kivuko cha miguu kilichoinuliwa, na njia ya gari iliyofanywa nyembamba mbele ya soko ili dereva aone mwenyewe kuwa hapa si njia kuu.

Kivuli nacho ni miundombinu

Mtu hatembei kilometa mbili saa saba mchana juani kama ana Sh1,000 ya bodaboda mfukoni. Mji usio na miti unawalazimisha watu kununua nauli. Kwa hiyo, katika pwani yenye joto kama ya Mtwara, kupanda miti kandokando ya njia ni sehemu ya mpango wa usafiri.

Mwarobaini huvumilia mchanga na ukame. Mkungu hutandaza kivuli kipana, na mwembe hutoa kivuli na tunda. Kwa wakulima wa pembezoni hii ni biashara inayoweza kufanyika: vitalu vya miche. Watu wa Naliendele wameishi miaka mingi jirani na kituo cha utafiti wa korosho na hawafundishwi kubebesha mche. Kikundi kinachozalisha miche ya korosho kwa ajili ya wakulima kinaweza pia kuzalisha miche ya kivuli, iwapo manispaa itanunua kwa mkataba unaolipa kwa mti uliopona baada ya miaka miwili badala ya mti uliopandwa siku ya sherehe mbele ya kamera.

Upande wa bahari, mikoko ya Ghuba ya Mikindani na ile ya maingilio ya Mto Ruvuma ni ukuta ambao hakuna mkandarasi aliyeujenga. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa 2000 kulinda mikoko, matumbawe na mazalia ya samaki. Mji unapopanuka kuelekea ufukweni na mikoko ikageuzwa kuni na nguzo, maji ya bahari hukosa wa kuyazuia na mvuvi hukosa kamba na samaki wachanga.

Mji wa kijani una faida nyingine ambayo ilionekana wazi Mei 2024. Mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Kusini katika maeneo ya Somanga, na magari yakakwama. Mji unaotegemea barabara moja kwa nyanya na vitunguu huwa mateka wa barabara hiyo. Mji uliozungukwa na bustani, mashamba ya mpunga ya bonde la Ruvuma, minazi ya Msimbati na wavuvi wake, ambao mazao yao yanafika sokoni kwa baiskeli, mguu na mashua, una akiba ya pili. Kulinda mashamba ya pembezoni yasimezwe ovyo na viwanja ni kulinda chakula cha mji.

Wengine wamefanya nini

Mtwara haihitaji kuanza na nadharia. Dar es Salaam kuna mifano miwili ya karibu. Wa kwanza ni mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza huduma Mei 2016 katika njia yenye urefu wa kilometa 21 hivi. Pamoja na mabasi, Barabara ya Morogoro ilipata njia za miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji hilo lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini njia ya baiskeli isiyo na vizuizi hugeuka haraka kuwa maegesho na njia ya mkato ya pikipiki. Funzo ni kwamba mchoro wa rangi hautoshi. Panahitajika nguzo na usimamizi.

Mfano wa pili ni mdogo na wa bei nafuu. Shirika la Amend lilianza na shule za msingi zilizo kwenye barabara hatari: kujenga njia ya miguu, matuta, alama za kuvukia na geti la kuingilia lililo mbali na magari. Mpango huo ulioanzia Dar es Salaam ulishinda mwaka 2019 tuzo ya miji ya Taasisi ya Rasilimali ya Dunia (WRI). Kilichosifiwa ni kuchagua mahali penye hatari na kurekebisha mita chache tu.

Kigali nayo, tangu 2016, imekuwa ikifunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili maalumu ili watu watembee na kufanya mazoezi. Mji usiolazimika kugharamia zege unaweza kuanza kwa namna hiyo, na wauza ming'oko, madafu na pweza wa Mtwara watakuwa wa kwanza kufaidika.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kuwa haya ni maneno ya miji iliyoshiba magari, na kwamba Mtwara bado inayahitaji. Hoja hiyo ina ukweli. Mgonjwa anayekwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, hawezi kuambiwa apande baiskeli. Korosho hazitafika bandarini kwa mkokoteni. Vijana wa bodaboda, waliotambuliwa rasmi na kanuni za leseni za 2010, wana familia zinazowategemea.

Lakini mji usiotegemea gari si mji usio na gari. Maana yake ni kwamba asiye na gari naye amewekewa hesabu yake. Dereva wa bodaboda mwenye kituo kinachojulikana, chenye kivuli, karibu na soko, hupata abiria bila kuzunguka akichoma mafuta. Mwenye lori aliyepangiwa njia na saa za kupita hapotezi muda akipapasa katikati ya matoroli. Daladala zenye ratiba kati ya Mikindani, stendi ya Mkanaledi na katikati ya mji zitachukua watu wengi katika nafasi ambayo magari machache ya binafsi yangeijaza.

Wenye maduka nao huhofia kuwa kupunguza maegesho kutafukuza wateja. Wapige hesabu ya nani hasa huingia dukani. Nafasi inayokaliwa na gari moja hutosha baiskeli 10 hivi, na kila baiskeli ina mteja. Wamachinga, ambao jina lao linahusishwa na watu wa Machinga wa mkoa jirani wa Lindi, wanajua siri hiyo siku nyingi: biashara ndogo hufuata miguu. Ndiyo maana tangu agizo la 2021 la kuwapanga upya, masoko yaliyofanikiwa yanahitaji kuwa pale watu wanapopita, si pale kiwanja kilipopatikana.

Usipoziba ufa

Wakati wa kuamua ni sasa, kwa sababu ya fedha. Mtwara-Mikindani ni miongoni mwa miji 45 ya mradi wa TACTIC, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya barabara, mifereji, masoko na stendi. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa 2017, ndio unaosimamia barabara za mitaa, na TANROADS barabara kuu. Njia ya miguu ikiwekwa kwenye mchoro kabla ya mkandarasi kuanza kazi, ni sehemu ndogo ya gharama ya barabara. Ikikumbukwa baada ya lami kukauka na mfereji kujengwa pabaya, ni mradi mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mambo manne yanaweza kudaiwa na wananchi bila kusubiri fedha za ajabu. Kwanza, kila barabara inayoingia mjini kutoka maeneo ya kilimo, hasa Naliendele na Mikindani, iwe na ukingo mpana uliotengwa kwa miguu na baiskeli, wenye kizuizi dhidi ya magari. Pili, mwendo wa kilometa 30 mbele ya masoko, shule na hospitali, ulindwe kwa matuta yaliyojengwa kitaalamu. Tatu, soko liwe na mahali pa kufungia baiskeli na kushushia mizigo ya kichwani na ya matoroli, kama lilivyo na mahali pa kushushia mizigo ya magari. Nne, miti ya kivuli iwekewe bajeti ya kumwagilia, si ya kupanda tu.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokopeshwa kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya halmashauri vinaweza kufikiria guta na baiskeli za mizigo za kukodisha, pamoja na karakana za matengenezo. Wakulima wanaopeleka mazao soko moja wanaweza kukusanya mizigo na kukodi toyo moja badala ya bodaboda sita. Hayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

Yanayohitaji ruhusa hupitia mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai Mosi, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Mkulima anayesubiri hadi katapila lifike ndipo aulize njia yake iko wapi, atakuwa amechelewa. Afadhali swali hilo aliulize mapema, akiwa na mahesabu yake mkononi: mzigo wangu ni kilo ngapi, nauli yangu ni kiasi gani, na katika mchoro huu tenga langu linapita wapi?